Baba mkwe, masaa matano barabarani, velositi sifuri
Shemeji ameshaitupia kwenye grupu la familia kwamba nilimwambia baba yake hakwenda popote. Siyo uongo. Ila kakata mwanzo, na mwanzo ndio ulioniua.

Jana, sinia la pilau katikati, ukoo mzima wa mke wangu umezunguka mkeka. Mama mkwe akanisifu kwa wageni: "Mkwe wangu huyu anafundisha fizikia." Nikaweka kola sawa. (Ningekohoa tu nikanyamaza, leo ningekuwa na heshima zangu.)

Mzee aliendesha lori miaka na miaka. Akamega nyama, akauliza kwa upole bila hata kunitazama: "Mwalimu, mtu akienda na mzigo kwa kilomita 40 kwa saa, akarudi tupu njia hiyohiyo kwa 60, wastani wake ngapi?"

Wadau, hapa ndipo mtu anaomba kalamu. Mimi tonge liko hewani, nikajumlisha 40 na 60, nikagawa kwa mbili. "Hamsini, baba." Tena nikatabasamu. Tonge nikalitia mdomoni.

Mzee akaanza kukunja vidole, kimoja kimoja. "Njia tuseme kilomita 120. Kwenda, masaa matatu." Vidole vitatu. "Kurudi, mawili." Ngumi imejaa. "Nimetembea 240 kwa masaa matano." Tonge likakataa kushuka. "Mia mbili arobaini kwa tano ni ngapi, mwalimu?"

Arobaini na nane. Sauti ilinitoka kama ya mtoto wa kidato cha kwanza.

Na hili nalifundisha kila mwaka! Wastani wa kasi ni umbali wote gawa kwa muda wote. Lori limekaa kwenye 40 masaa matatu, kwenye 60 mawili tu, lazima ile ndogo ivute jibu chini. 50 ingekubali kama angeendesha muda sawa kwa kila kasi. Mkato: 2 × 40 × 60, gawa kwa 100. Umbali hata usipotajwa, ni 48 tu. (Wanafunzi wangu mliomo humu, zimeni simu mkasome.)

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona nijiokoe kwa velositi. "Baba, hiyo 48 ni kasi. Velositi inatazama na mwelekeo: unapima mstari mnyoofu kutoka ulipoanzia hadi ulipoishia. Wewe umetoka nyumbani, umerudi nyumbani. Mstari sifuri. Sifuri gawa kwa masaa matano, sifuri."

Watu wakaacha kutafuna.

"Yaani," mzee akasema taratibu, "nimetoka alfajiri na mzigo, nimeshusha, nimerudi, halafu mkwe wangu ananiambia sijaenda popote?"

"Kifizikia, baba..."

Mke wangu akanikanyaga, kasi na mwelekeo vyote sahihi. Chai hatukuisubiri.

Leo asubuhi ujumbe wa mzee: "Mkwe, ile nauli niliyokuahidi nimeikokotoa. Ulitoka kwako, umerudi kwako. Sifuri."