Niambie Unasoma Nini, Usinieleze Dhamira Zake

Juzi nilikuwa benki nasubiri namba yangu iitwe, kitabu kiko mapajani. Kaka mmoja aliyekaa pembeni akaniuliza, "Dada, mtihani lini?" Nikamwambia sina mtihani, nasoma riwaya. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa. "Ungetafuta kitabu cha kukujenga," akasema, na mama aliyekuwa mbele yetu akageuka kumuunga mkono: mtu mzima ana mambo ya maana ya kusoma, hadithi ni za wanafunzi.

Pale sikujibu. Nilikasirika, na hasira haikuwa kwa yule kaka, maana alinitakia mema. Imeniuma kwamba mawazo yake ndiyo mawazo ya wengi wetu. Ukionekana na kitabu mkononi lazima uwe unatafuta cheti, cheo au mtaji. Kusoma kwa sababu hadithi ni tamu hakumo kwenye hesabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi. Najua, wengi wenu mlikisoma kidato cha tano na sita, mkakifunga siku ya mtihani na hamjakigusa tena. Kiguseni. Yasmin ana miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa kumzaa. Anamkimbia, na ndugu zake wa damu wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, maskini, mpenda taarabu, ambaye majirani wana mengi ya kusema juu yake. Mimi safari hii nasoma kwa ajili ya Mwajuma. Kijana Denge na harakati zake dhidi ya Waingereza nazipenda, makachero wanaomwinda wananitia joto, lakini kila Mwajuma anapoingia nasoma polepole ili asiondoke haraka. Nimewahi kujua wanawake wa aina yake. Walitulea, na hakuna aliyewaandikia kitu.

Sasa niambieni, ni lini mwalimu aliwahi kuwauliza darasani: katika kitabu hiki ungependa nani awe jirani yako? Swali letu lilikuwa moja miaka yote. Kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, thibitisha, toa hoja tatu kwa kila riwaya. Tukajifunza kuchinja vitabu. Maudhui upande huu: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, falsafa. Fani upande ule: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Takadini tulikariri, Watoto wa Mama N'tilie tulikariri, Joka la Mdimu tulikariri, na wengine hata kitabu chenyewe hawakukishika, walisoma vile vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa stendi. Mtoto anamaliza kidato cha nne anaweza kukutajia dhamira za vitabu ambavyo havijawahi kumtoa chozi wala kicheko.

Siwalaumu walimu. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi wengi, nakala chache za kuazimana na mtihani wa taifa mbele yake anafundisha kinachotahiniwa. Lakini matokeo tunaishi nayo: mtu akimaliza shule anaona amemaliza na riwaya, kwa sababu hakuwahi kuambiwa kwamba riwaya iliandikwa ili afurahi nayo.

Hili la kuambizana tunasoma nini nalisemea kwa nguvu kwa sababu vitabu vyetu havina njia nyingine ya kufika kwa msomaji. Nenda mkoa wowote, acha Dar, tafuta duka la vitabu. Utapata daftari, kalamu, vitabu vya kiada, misahafu na Biblia, labda rafu moja ya vitabu vya mafanikio. Mchapishaji anajua soko lake kubwa ni shule. Riwaya ikiteuliwa kwenye mtaala inapona, isipoteuliwa inasubiri muujiza. Matangazo ya vitabu redioni husikii. Magazeti yanayochambua riwaya mpya ni ya kutafuta. Kilichobaki ni mdomo wangu na wako. Mtu akimwambia mwenzake kazini "kuna kitabu kimenikosesha usingizi", hilo ndilo tangazo pekee ambalo mwandishi wa Kiswahili atalipata mwaka mzima, na halimgharimu mtu hata shilingi.

Na tuliwahi kuwa hivyo! Waulizeni waliokuwa vijana miaka ya sabini na themanini jinsi wapelelezi wa riwayani, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, walivyozunguka. Kitabu kilikuwa kinapita mabwenini na ofisini hadi jalada linachanika, kinashonwa kwa uzi, kinaendelea na safari. Kabla yao Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi na Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa mwaka 1960, na watu wakamjua mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake kama wanavyomjua mjumbe wa mtaa. Hakuna aliyemtahini mtu. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ikapigwa marufuku shuleni, na kizazi kile kikaisoma hivyo hivyo, kwa kunong'onezana. Mama yangu mdogo hadi leo akitaja jina la Rosa anatazama mlangoni kwanza. Huo ndio ushahidi wangu kwamba Waswahili wanasoma wakiambiwa na mtu wanayemwamini.

Wimbo wa "Waafrika hawasomi" nimeuchoka. Fundi wangu wa cherehani hana rafu ya vitabu, lakini hadithi za mfululizo za kwenye simu hazimpiti, na akifika pale palipoandikwa "itaendelea" anapiga meza. Mama mmoja muuza vitumbua mtaani kwetu alikuwa ananunua gazeti kila wiki kwa ajili ya hadithi ya Shigongo tu, kurasa nyingine anafungia vitumbua. Hao ni wasomaji. Hawasemi kwamba wanasoma kwa sababu tumewafundisha kuwa kile wanachosoma si kusoma.

Vitabu vya kujijenga, haya, vina faida yake. Ninamfahamu dada aliyejifunza kuweka akiba kwa kitabu cha namna hiyo na leo ana nyumba, siwezi kumbishia akiwa sebuleni kwake. Hoja ya bei nayo naikubali: riwaya mpya ni pesa ya mboga ya siku kadhaa, na ukiwa na watoto unajua kipi kitangulie. Wanaosambaza nakala za wizi kwenye simu wananiudhi, mwandishi naye anahitaji kula.

Ninachokataa ni kuona aibu. Nimekaa kwenye vikao ambavyo watu wanaulizwa wanasoma nini, na unaona kabisa mtu anatafuta jibu la heshima. Anataja kitabu cha Kiingereza cha uongozi ambacho amekipita kurasa chache, wakati kwenye mkoba ana hadithi ya mapenzi aliyoisoma hadi saa nane usiku. Jamani, ile ya saa nane usiku ndiyo tunayoitaka! Hiyo ndiyo itakayomfanya jirani yako anunue kitabu.

Mimi pembeni ya Shafi ninayo Peponi. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, aliandika Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994, akapewa Nobeli mwaka 2021, na mwaka 2022 ndipo tukakipata kwa Kiswahili kwa kazi ya Ida Hadjivayanis, kikachapwa na Mkuki na Nyota. Yusuf anachukuliwa kwao akiwa na miaka 12 na tajiri Aziz, mtoto hajui kwamba baba yake ana deni na yeye ndiye rehani. Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana wa dukani, naye amewekwa rehani vilevile. Nilikuwa nimekisoma kwa Kiingereza zamani. Kwa Kiswahili nimekaa nacho tofauti. Wale wachuuzi, wapagazi na misafara ya kwenda bara, mabishano yao barazani, yote nayasikia kwa sauti za watu ninaowajua. Nilimsomea mama kurasa chache jioni moja, akaniambia nisiendelee bila yeye. Sasa ninakwenda kwa mwendo wake, kwa sababu macho yake hayamruhusu kusoma na mimi ndiye msomaji wa nyumba. Ananikatiza kila mara: huyo Aziz simwamini, huyo mtoto hana mtu wa kumsemea? Mama hajawahi kufundishwa dhamira ni nini. Ni msomaji bora kuliko mimi.

Nakuombeni basi. Mtu akiwauliza mnasoma nini, semeni jina la kitabu, mmefika wapi, na nani humo ndani amewashika. Kama kimewachosha semeni pia, maana msomaji anayesifu kila kitu haaminiki. Kama ni Nagona ya Kezilahabi na hamkuelewa nusu yake, semeni hamkuelewa na mnaendelea kwa sababu lugha ni nzuri; inatosha. Kama ni hadithi ya kwenye simu, taja. Kama ni kitabu cha mwanao wa darasa la nne ulichoanza kwa kumsaidia kazi ya nyumbani ukakimaliza peke yako sebuleni, kitaje kwa sauti. Na kitabu kikiisha, kisirudi kabatini kulala. Mpe mtu, mwambie ukurasa gani ulikuamsha.

Nikimaliza hivi viwili ninaanza Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, nataka kujua kama yule mzee Mwinyi na pesa zake atanikera kama alivyomkera binamu yangu, ambaye amekataa kabisa kuniambia mwisho wake. Nyota ya Rehema ya mwandishi huyo huyo naitafuta na sijaipata. Mwenye nakala aniazime, nitaifunika jalada na kuirudisha. Kwa kubadilishana ninatoa Kuli ya Shafi, iko safi, imekosa tu karatasi ya juu.