Mbolea ya majani au ya ardhini: tupige hesabu kabla ya kubeba bomba

Kwenye maduka ya pembejeo, kuanzia Masaka hadi Mbale nchini Uganda, rafu zimejaa chupa za mbolea ya majani, yaani ile inayonyunyiziwa juu ya majani. Hoja ya muuzaji ni fupi: ardhi imechoka, mvua hazieleweki, kwa nini umwage mbolea chini isombwe na maji? Wanaompinga wanasema busta, kama mbolea hiyo inavyoitwa, hupaka majani rangi tu, kwani mmea hula kwa mizizi. Pande zote mbili zina ukweli, ila ni nadra kumsikia mtu akiuliza kirutubisho kinasafiri vipi kikishaingia ndani.

Tuchukue mti wa kahawa: ndani yake kuna njia mbili za usafiri. Zailemu ni mirija ya seli zilizokufa. Maji hupanda humo yakivutwa na majani yanayotoa mvuke, yakiwa yamebeba madini ya mizizini. Floemu ni seli hai, nayo hupeleka sukari kutoka kwenye jani hadi panapohitajika, iwe juu kwenye chipukizi au chini mizizini. Kilichonyunyiziwa jani hutoka humo kwa floemu. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu husafiri nayo bila taabu. Zinki husafiri kwa shida, na kalsiamu karibu haisafiri kabisa. Shambani jambo hili huonekana kwa macho. Upungufu ukianza majani ya zamani, mti unanyang'anya huko na kupeleka kwa machanga. Ukianza majani machanga, ujue kirutubisho hicho hakihami.

Kwa naitrojeni, busta hushindwa kwa hesabu tu. Kahawa ya robusta ikipandwa mita 3 kwa 3, ekari hubeba miti kama 450. Chukua gramu 100 za urea kwa bomba la kunyunyizia la lita 20, piga mabomba 10 kwa ekari: umetumia kilo moja ya urea, yenye gramu 460 za naitrojeni, yaani gramu moja hivi kwa mti. Mavuno ya kilo 500 za punje safi huondoka na zaidi ya kilo 10 za naitrojeni. Utanyunyizia mara ngapi, ishirini na mbili? Na ukiongeza dozi ili kufidia, kingo za majani huungua. Isitoshe, urea ya kawaida huwa na baiureti, sumu ambayo kahawa na nanasi haziivumilii vizuri ikipigwa majanini na kurudiwarudiwa.

Kwa zinki mambo hugeuka. Mti huhitaji kidogo sana, na ukiikosa majani machanga huwa membamba kama utepe, pingili zikifupika. Hapa bomba lina kazi: gramu 100 za zinki salfeti na gramu 50 za chokaa iliyozimwa, ikichujwa vizuri, kwa lita 20. Kwa kuwa zinki haihami sana, usitegemee majani ya zamani yagawe. Lenga machanga, na urudie machipukizi mapya yanapotoka. Jaribu kwanza miti michache.

Kalsiamu ndiyo inayopoteza pesa nyingi, hasa kwa wakulima wa nyanya. Nyanya ikioza kitako, wengi hukimbilia chupa ya kalsiamu na kulowesha majani, nayo hubaki hukohuko majanini. Tunda halitoi mvuke mwingi, kwa hiyo zailemu huliletea kalsiamu kidogo, na udongo ukikauka leo na kufurika kesho, hata hicho kidogo hukatika. Mara nyingi ardhini kalsiamu ipo; kilichokosekana ni maji ya kuibeba. Matandazo na umwagiliaji usiokatika hufanya kazi kuliko chupa. Kama ni lazima kunyunyizia, lenga matunda yenyewe yakiwa bado madogo.

Watetezi wa mizizi nao wana lao la kujibu. Urea ikiachwa juu ya udongo bila kufunikwa, sehemu yake hupotea hewani kama gesi. Wengi huirundika kwenye shina, wakati mizizi laini inayonyonya imesambaa chini ya mwavuli wa matawi, mingi katika sentimita 30 za juu. Weka hapo, udongo ukiwa na unyevu, ifunike sentimita 5, na usichimbe kwa jembe zito likaikata mizizi hiyohiyo. Kwenye udongo mwekundu wenye asidi, fosforasi hushikwa na chuma na alumini; hapo watetezi wa jani wana hoja nzuri, japo kiasi kinachopitia jani bado ni kidogo.

Hoja ya watetezi wa jani yenye uzito zaidi ni ukame: mizizi haivuti, basi tupitie juu. Lakini mti wenye kiu hufunga vinyweleo vyake, yaani vitundu vidogo vya jani vya kutolea mvuke, na tone hukauka juu ya nta ya jani likaacha chumvi nyeupe badala ya kuingia. Majani ya kahawa yana vinyweleo upande wa chini tu, kwa hiyo geuza mdomo wa bomba uelekee juu, kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Kama majani yamenyauka hata alfajiri, ahirisha. Siku hiyo dawa yoyote itakuunguzia tu.