Mwaka Tutakaposhindwa Kulipa Ada

Katika vikao vya bajeti vya vyuo vyetu siku hizi, hoja ya kuacha kununua vitabu vya karatasi inapita karibu bila kupingwa. Mkuu wa idara anauliza kwa nini fedha ziende kwenye maboksi yanayosubiri kutolewa bandarini, wakati ada ya kanzidata moja, yaani hazina ya majarida ya mtandaoni, inafungua maelfu ya majarida siku ileile inapolipwa. Wengi mezani wanaitikia kwa kichwa. Mkutubi akinyoosha mkono na kuuliza, "Tukiacha kulipa, tunabaki na nini?", anaonekana mtu wa zamani anayelinda makabati yake. Naona anaonewa. Swali lake ndilo swali zito kuliko yote yanayoulizwa kwenye kikao hicho, na mara nyingi linaachwa bila jibu.

Wanaotaka fedha zihamie kwenye kidijitali wana haki kwa mengi. Tangu 2002, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walipoanzisha mpango wa HINARI wa kuzifungulia nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu, ambao leo ni sehemu ya mpango mpana zaidi wa Research4Life, chuo cha tiba mkoani kimeweza kusoma majarida ambayo kwa bei ya kawaida kisingeyagusa. Tanzania, kwa kuwa imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, inasoma bila kulipa. Msomaji asiyeona, ambaye kwa miaka mingi alitegemea mtu wa kumsomea, leo anasomewa na simu yake mwenyewe, na Mkataba wa Marrakesh wa 2013 ambao Kenya na Tanzania zimejiunga nao unaruhusu nakala zinazosomeka na wasioona kutengenezwa na kuvuka mipaka. Tena karatasi inaungua. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka mlimani uliteketeza jengo la maktaba la Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyiko wake wa masomo ya Afrika. Vilivyokuwa vimeshapigwa picha vilisalimika walau kwa maandishi yake. Ambaye hajaupigia hesabu moto ule hana haki ya kuwacheka wapenda kompyuta.

Lakini tazama kwa karibu kinachofanyika kitabu cha karatasi kinapoingia maktabani. Kinagongwa muhuri kwenye ukurasa wa jina, kisha kwenye ukurasa wa siri ambao wakutubi wa maktaba hiyo peke yao wanaujua. Kinaandikwa kwenye rejista kwa namba ambayo haitapewa kitabu kingine kamwe, kinabandikwa lebo mgongoni, kinakwenda rafuni. Tangu hapo aliyekiuza hana neno tena juu yake. Maktaba inaweza kukiazimisha mara mia, kukipeleka chuo jirani kinapohitajika, kukishona upya kikichanika, na kukitunza miaka hamsini. Leseni ya kanzidata haina mstari kwenye rejista hiyo. Inakaa kwenye faili la mikataba, na mkataba una tarehe ya kuisha. Mkutubi anayeuliza swali lake anaifikiria tarehe hiyo.

Kuna namba moja ambayo kila mkutubi anapaswa kuijua: 26. Machi 2011 kampuni ya HarperCollins iliziwekea maktaba za umma za Marekani sharti kwamba kila leseni ya kitabu cha kielektroniki itatumika kuazimishwa mara 26, kisha inakufa, na maktaba inunue nyingine ikitaka kuendelea. Hesabu yao ilikuwa kwamba kitabu kinachoazimwa wiki mbili mbili kinamaliza mwaka mmoja. Wachapishaji wengine wamependelea leseni ya miaka miwili, iwe kitabu kimesomwa au hakikusomwa. Kampuni ya Macmillan ilikwenda mbali zaidi Novemba 2019, ikaamua mtandao mzima wa maktaba, hata wa jiji kubwa, uuziwe nakala moja tu ya kielektroniki kwa wiki nane za kwanza za kitabu kipya. Sharti hilo liliondolewa Machi 2020, baada ya maktaba kadhaa kugoma kununua.

Sasa ichukue 26 hiyo uilete kwenye maktaba zetu. Vyuoni tunacho kile kitengo cha vitabu vya akiba maalumu, vitabu vinavyotafutwa na darasa zima wakati nakala ni mbili au tatu. Haviazimwi kwa wiki mbili. Mwanafunzi anaacha kitambulisho mezani, anapewa kitabu kwa saa chache, anakirudisha, na wa pili yuko nyuma yake amesimama. Kikizunguka mara nne kwa siku, kitabu hicho kinafikisha mara 26 kabla siku ya saba haijaisha. Nakala ya karatasi yenye jalada lililofungwa gundi mara mbili imefanya kazi hiyo kwa muhula baada ya muhula. Sharti la mara 26 liliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Marekani, na halijaletwa kwetu kama lilivyo. Hata hivyo linaonyesha kwamba mwenye leseni anaweza kuamua kitabu kinachakaa lini, na akaamua kwa kupima wasomaji wasiofanana na wetu hata kidogo.

Wapo wanaojibu kwamba sisi tunasoma bure kupitia Research4Life, kwa hiyo ya Marekani hayatuhusu. Hao nawaomba waangalie yaliyoipata Bangladesh. Januari 2011 vyuo na hospitali za nchi hiyo viliarifiwa kwamba wachapishaji kadhaa wanayaondoa majarida yao kwenye HINARI, yapatayo 2,500. Sababu ilikuwa kwamba wachapishaji hao walikwishaanza kuuza huko. Majarida ya tiba ya Uingereza yalipiga kelele, na ndani ya muda mfupi milango ikafunguliwa tena. Kufunguliwa tena kulitokana na aibu ya wachapishaji, maana Bangladesh haikuwa na haki yoyote iliyoandikwa ambayo ingeweza kudai.

Na sisi? Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Tulifurahi, na ilistahili. Lakini mipango ya msaada wa majarida hupima pato la taifa na nafasi ya nchi kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni. Nchi ikipanda, siku moja barua inakuja. Wakati huo bajeti ya maktaba ya chuo haitakuwa imepanda kwa sababu ya takwimu za Benki ya Dunia. Tutakuwa tumezoesha kizazi kizima cha wahadhiri kusoma kwa mlango ambao ufunguo wake hatukuwahi kuushika, na tutakaa mezani kujadiliana bei tukiwa hatuna pa kwenda. Hili ndilo linaloninyima raha kuliko kukatika kwa umeme, kuliko hata ile Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na Afrika Mashariki nzima ikazubaa mbele ya skrini. Nyaya zinaunganishwa.

Njia ambayo wengi walidhani itatuokoa nayo imebanwa. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, ilikuwa ikichukua kitabu inachokimiliki, inakipiga picha, kisha inaiazimisha nakala hiyo ya picha kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, huku ile ya karatasi ikikaa kabatini. Wachapishaji wanne waliishtaki Juni 2020, mwezi uleule ilipofunga huduma yake ya dharura ya wakati wa korona, iliyokuwa imeondoa kikomo hicho. Septemba 2024 mahakama ya rufaa mjini New York ikakubaliana na wachapishaji. Waandishi wana haki ya kula jasho lao, na sipendi maktaba inayojengwa kwa kuwaibia. Hukumu hiyo, hata hivyo, inaacha hali moja ngumu: kitabu ulichokinunua huwezi kukiazimisha kwa njia ya picha, na cha kielektroniki mara nyingi huuziwi kabisa, unakodishwa.

Kwa hiyo sisemi tusilipie kanzidata. Tulipie, lakini mkutubi awe na kauli kabla ya saini. Yapo masharti ambayo wachapishaji hukubali wakibanwa: kwamba toleo la mwaka uliolipiwa libaki wazi hata mkataba ukiisha, kwamba maktaba iruhusiwe kutunza nakala kwenye seva yake, kwamba msomaji wa mtaani akiingia maktabani asome bila kuulizwa kitambulisho cha chuo, kwamba bei isiwe siri, ili Dodoma wajue Nairobi wanalipa kiasi gani. Chuo kimoja peke yake hakisikilizwi. Umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti Tanzania, COTUL, na wenzao wa Kenya, KLISC, wamekuwa wakijadiliana kwa niaba ya wanachama kwa miaka mingi, na nguvu hiyo ingeongezeka wakiingia chumba kimoja.

Sehemu nyingine ya fedha ibaki kwa vitu ambavyo mchapishaji wa Amsterdam hatavikusanya hata tumlipe nini: tasnifu zetu, majarida kama Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, taarifa za halmashauri, magazeti ya mikoani, vitabu vya wachapishaji wadogo vinavyotoka mara moja na kuisha. Programu za kuvitunza zipo na hazina ada ya leseni. Koha kwa katalogi na DSpace kwa hazina ya kidijitali zinatumika katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, na kinachokosekana zaidi ni mtu aliyefundishwa kuziendesha, mwenye mshahara na cheo cha kumfanya asihamie benki.

Mwaka huu wa fedha, idara inayoomba kanzidata mpya ingeweza kutakiwa kuambatisha ukurasa mmoja ulioandikwa na mkutubi, ukieleza tutabaki na nini tukikosa kulipa mwaka wa nne. Na mkataba wenyewe ufike mezani kwake wiki mbili kabla ya kikao, ukiwa na kurasa zake zote, pamoja na zile za maandishi madogo zinazofuata baada ya bei.