Hedifoni ikifa upande mmoja: utengeneze mwenyewe, umpe fundi au ununue nyingine?

Hapa Mwanza mtu akilalamika tu kwamba iafoni zake zimekufa sikio moja, mabishano yanaanza. Wengine wanamwambia atupe, aende Makoroboi akachukue nyingine za buku mbili tatu maisha yaendelee. Wengine, hasa vijana waliojifunzia YouTube, wanamwambia nunua kifaa cha kuchomelea risasi (ile inayoyeyushwa kuungia nyaya), tafuta na mita ya kupimia umeme, tengeneza mwenyewe, na ukishazoea unda kabisa amplifaya yako nyumbani. Mimi nimekaa na hivi vitu muda mrefu na naona wote wanaharakisha jibu kabla hawajauliza kilichokufa ni nini.

Maana mara nyingi kilichokufa ni waya tu. Spika ndani zinakuwa nzima kabisa ila waya umekatikia pale unapoingia kwenye jeki, ile ncha unayochomeka kwenye simu, au pale unapoingia kwenye spika, sababu hapo ndo unapokunjwa kila siku, mfukoni, kwenye begi, chini ya helmeti. Na kuna ubovu mmoja natamani kila mtu aujue kwa sababu umefanya watu watupe hedifoni nzuri sana: unaweka wimbo, vyombo unavisikia huku na huku ila muimbaji hayupo, au yupo mbali kama anaimbia ndani ya pipa. Watu wanasema spika zimeungua. Hazijaungua. Waya wa ground, ule unaotumiwa na masikio yote mawili, umeachia, sasa spika mbili zinabaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe na unachosikia ni ile tofauti tu kati ya kushoto na kulia, na kwa vile sauti ya muimbaji kawaida inarekodiwa sawasawa pande zote basi inafutika. Chomelea ule waya mmoja na muimbaji anarudi.

Kazi yenyewe sio ngumu ila inataka utulivu. Ukifungua waya wa iafoni unakuta ndani nyaya nyembamba mno zenye rangi, mwekundu mara nyingi kulia, kijani au bluu kushoto, wa rangi ya shaba ground, lakini viwanda havifanani kwa hiyo usiamini rangi, weka mita kwenye sehemu ya mlio, gusisha huku na huku, ikilia ujue waya umeungana. Halafu ile rangi ni vanishi na haipitishi umeme, na hapa ndo wengi wanaposhindwa, wanagusisha waya kwenye jeki risasi haishiki wanasema risasi mbovu. Unayeyusha tone la risasi kwenye ncha ya kifaa chako, unauzamisha waya humo mpaka vanishi itoe moshi na waya ugeuke mweupe, hapo utashika. Jeki nayo, ile ya milimita 3.5, isiyo na maiki ina sehemu 3 na yenye maiki ina 4, na kwa simu nyingi za sasa ukianzia kwenye ncha ni kushoto, kulia, ground, maiki. Baadhi ya simu za zamani zilikuwa zimegeuza hizo mbili za mwisho, ndo maana unaweza kuchomeka hedifoni nzima kwenye simu nzima na muimbaji bado akapotea. Kingine, chomeka jeki kwenye tundu bovu la redio wakati unachomelea, plastiki ya ndani ikilainika na joto pini hazihami.

Sasa upande wa pili, na upande huu una hoja nzito kuliko vijana wa YouTube wanavyokubali. Pesa. Ukijumlisha kifaa cha kuchomelea, risasi, mita na jeki mpya umeshapita bei ya iafoni nyingi zinazouzwa mjini, kwa hiyo kama una iafoni moja ya bei rahisi na huna mpango wa kuendelea, mpelekee fundi, anakurudishia ukiwa hapo hapo umesimama. Vile vifaa vya bei ya chini navyo havina kipimo cha joto, risasi ya kawaida ya fundi redio inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi kama 183 za Selsiasi lakini kifaa kinapanda mbali sana zaidi ya hapo, unajikuta umeunguza waya na plastiki pamoja. Na hiyo risasi ya kuchomelea ina madini ya risasi kweli, ni sumu, kwa hiyo madirisha wazi, watoto mbali, na unaosha mikono kabla hujagusa chakula. Hesabu inageuka pale ambapo nyumba ina hedifoni tatu nne, au una studio ndogo, au unahudumia vyombo vya kwaya kanisani, kwa sababu nyaya za maiki zinakatika vilevile na zinatengenezwa vilevile.

Kwenye hizi ndogo za Bluetooth zisizo na waya kabisa mimi nasimama na wanaosema usiguse. Betri yake ni ya lithiamu, volti 3.7, ikijaa inafika 4.2, na kiwanda kimefunga kila kitu kwa gundi, kwa hiyo kuifikia unaingiza kisu, na kisu kikitoboa betri inaweza kuwaka moto mkononi mwako. Wanunuzi hawana kosa hapo, zimeundwa hivyo. Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria mwaka 2023 kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo ziwe mtu anaweza kuzitoa na kubadilisha, na kampuni ya simu ya Fairphone walishatoa za kwao zenye betri ya kubadilisha mwaka 2024, kwa hiyo inawezekana kabisa. Kwetu hizi zilizokufa zinachomwa na taka nyuma ya nyumba au zinaishia mtaroni, na mitaro ya mjini inaingia mto Mirongo na Mirongo inaingia ziwani. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Kuhusu kuunda amplifaya. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuna saketi maarufu inaitwa CMoy, kutoka kwa Mmarekani Chu Moy, inatumia betri ya volti 9 na inaingia kwenye kikopo cha peremende, na ni shule nzuri sana kwa anayeanza, tena umeme ukikatika wewe unaendelea kusikiliza. Lakini tusidanganyane, iafoni za simu ni za ohm 16 mpaka 32 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme), simu inaziendesha bila shida, amplifaya haikuongezei kitu zaidi ya kelele. Inakuwa na maana ukiwa na hedifoni za studio kama DT 770 Pro ya ohm 250, hapo simu nyingi zinaishiwa nguvu. Na kabla hujachomeka hedifoni yako kwenye kitu ulichounda, pima kwa mita kama kuna umeme wa DC, ule wa mkondo mmoja kama wa betri, unatoka, ukizidi makumi kadhaa ya milivolti acha kwanza utafute kosa, la sivyo koili ya spika inaungua. Masikio nayo hayauzwi dukani, WHO wanashauri wastani wa desibeli 80 usizidi saa 40 kwa wiki na amplifaya ya nyumbani haikuonyi.

Faida kubwa ya kujua haya mambo mimi naiona dukani. Mtu aliyewahi kufungua hedifoni hata mara moja anaangalia kwanza kama waya unachomoka, kama zile sponji za masikio zinabadilishika, kama kuna skrubu au ni gundi tupu. HD 25 ya Sennheiser ipo tangu 1988 na madijei bado wanaitumia, na sababu mojawapo ni kwamba waya, sponji, hata spika zenyewe zinauzwa moja moja na unabadilisha kwa mkono bila risasi. Na kama unanunua kubwa za Bluetooth chagua zenye tundu la waya pembeni, betri ikija kufa nyingi bado zinapiga muziki kwa waya bila chaji yoyote, muulize muuzaji azime, achomeke waya, usikilize hapo hapo kabla hujatoa hela.