Bomba limepasuka, bima imegoma kulipa: nani ana hoja?

Kiungio cha bomba ndani ya ukuta kimeachia usiku, na asubuhi jipsamu ya dari iko sakafuni. Wiki kadhaa baadaye inakuja barua ya kampuni ya bima: dai limekataliwa kwa sababu ya "uchakavu na uvujaji wa muda mrefu". Kwenye bima za nyumba hapa Tanzania, kuwapo kwa maji si jambo linalobishaniwa sana. Ugomvi ni kama yalitoka ghafla au yalikuwa yakidondoka taratibu kwa miezi.

Hoja ya kampuni si ya kubeza. Ada ya bima hukokotolewa kwa ajili ya ajali; matengenezo ni kazi ya mwenye nyumba. Aliyeacha bomba la chuma lile kutu miaka 10 akilipwa, gharama yake inawaangukia waliobadilisha mabomba yao mapema. Ndiyo maana hati nyingi hulipa madhara ya bomba au tanki kupasuka na kufurika, lakini hazilipi bomba lenyewe, kutu, kuoza wala uharibifu wa polepole.

Ila kusema si kuthibitisha. Katika sheria ya bima, mwenye bima huonyesha kwamba janga lililompata limo kwenye mkataba. Kampuni ikikimbilia kifungu cha mambo yasiyolipwa, kukithibitisha ni juu yake. Na maneno ya kifungu yakiwa na utata wa kweli, hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Kwa hiyo barua isiyotaja kifungu wala dalili zilizoonekana ukutani bado haijajibu dai. Omba kwa maandishi namba ya kifungu kilichotumika na nakala ya ripoti ya mkadiria hasara.

Ripoti hiyo isome pamoja na fundi bomba mzoefu. Ukungu ndio hutajwa kwanza kama ushahidi wa uvujaji wa siku nyingi, na hapo mimi nasimama upande wa mwenye nyumba: jipsamu iliyolowa kwenye joto la Dar es Salaam inaweza kuanza kuota ukungu ndani ya siku 2 au 3. Peke yake haithibitishi miezi. Dalili nyingine ni nzito zaidi. Madoa ya dari yenye duara ndani ya duara yanaonyesha maji yalikuja, yakakauka, yakarudi. Chumvi nyeupe inayosukuma rangi ukutani, au mbao ya dari inayobonyea kwa kidole, havitokei kwa usiku mmoja. Ukiona hayo, kampuni ina haki ya kuuliza maswali.

Kipande cha bomba kilichopasuka usikitupe, wala usimruhusu fundi aondoke nacho. Mpasuko msafi kwenye bomba la plastiki la PPR, au kiungio kilichochomoka kizima, husimulia jambo tofauti na chuma kilicholiwa na kutu. Tafuta pia bili za maji za miezi 6. Matumizi yaliyotulia kisha yakaruka mwezi wa tukio yanaunga mkono upasukaji wa ghafla. Yaliyopanda mwezi hadi mwezi yanaunga mkono kampuni. Nyumba ya kisima haina bili, lakini manunuzi ya umeme wa LUKU yataonyesha pampu ilianza lini kufanya kazi kupita kawaida. Kama ni mvua iliyoingia baada ya upepo kung'oa bati, taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya siku hiyo ina uzito kuliko maelezo ya jirani.

Wenye bima nao hujiharibia. Wengine huripoti baada ya kupaka rangi upya. Funga koki kuu, piga picha kabla ya kufagia, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa maandishi, kisha kausha. Waliokatiwa bima na benki kwa sababu ya mkopo mara nyingi hawajawahi kuiona hati kamili. Idai, maana bila hiyo unabishana gizani.

Kuna pia kukataliwa nusu. Nyumba ambayo kuijenga upya kungegharimu milioni 120 ikikatiwa bima ya milioni 80, hasara ya milioni 9 italipwa milioni 6, kabla ya kutoa kiasi anachojibebea mwenye bima. Mahali penye kifungu cha uwiano, yaani kinachopunguza malipo kwa kadiri bima ilivyopungukia thamani ya nyumba, hesabu hiyo ni halali. Unachoweza kupinga ni thamani: hakikisha hawajaingiza bei ya kiwanja.

Kampuni ikishikilia msimamo, peleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Ambatanisha hati, barua ya kukataliwa, ripoti ya fundi na picha zenye tarehe. Wakikupa sehemu ya fedha katikati ya mvutano, isome kwanza fomu ya kupokea malipo. Ikiandikwa kwamba ni malipo kamili na ya mwisho, sahihi yako inafunga dai lote.