Protini mbovu: nani kasema ni taka?

Viwanda vya minofu hapa Mwanza vikishamalizana na sangara, hubaki mapanki: kichwa, mifupa na nyama iliyong'ang'ania. Kwa mnunuzi wa Ulaya hiyo ni taka. Kwa mama anayekaanga samaki Kirumba ni mtaji. Huyakumbuka mapanki kila nisomapo habari za protini zilizojikunja vibaya.

Protini hutengenezwa ndani ya seli kama uzi wa vipande viitwavyo asidi amino, kisha hujikunja kupata umbo lake. Ikikosea, sehemu zinazokwepa maji, ambazo zilipaswa kujificha ndani, hubaki nje. Protini wasaidizi huishika hapo na kuipa nafasi nyingine. Ikishindikana, hubandikwa mnyororo wa yubikwitini, alama ya kutupwa, na kuingizwa kwenye proteasomu, pipa linaloikatakata. Kuugundua mfumo huo kuliwapa Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Nobeli ya kemia mwaka 2004.

Wanaotaka ukaguzi huu wa seli ukazwe wana hoja: kwenye magonjwa ya Parkinson na Alzheimer, mabonge ya protini hurundikana ubongoni.

Lakini tazama sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu kamasi nzito. Protini ya CFTR, mlango wa chumvi kwenye utando wa seli, ikikosa asidi amino moja tu, ile ya 508, seli huikamata na kuiteketeza karibu yote kabla haijafika kwenye utando huo. Mwaka 1992 watafiti walizipoza seli za namna hiyo maabara. Protini ikafika utandoni na ikafanya kazi, japo si kikamilifu. Mapanki hasa! Dawa zinazoisaidia ipite ukaguzi zilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 2015.

Kuna na wanaoziba pipa kabisa. Dawa ya Bortezomib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, huua seli za mailoma, saratani ya uboho, ambazo hutengeneza kingamwili nyingi mno, kwa kuziacha zizame katika takataka zake. Mgonjwa naye hulipa: ganzi na maumivu ya miguu na mikono.

Kwetu Kanda ya Ziwa, mimi ningetazama malaria. Artemisinini, dawa ya malaria, huharibu protini za kimelea, nacho hutegemea proteasomu yake kufagia uharibifu huo. Huko Kagera vimeshaonekana vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa hii. Maabara, kuiziba proteasomu ya kimelea huiongezea artemisinini makali. Kazi ni kupata dawa itakayoziba ya kimelea na kuiacha ya mgonjwa, maana mapipa hayo mawili yanafanana mno.