The Wall: kisa cha mtu mmoja, kazi ya bendi nzima

Tarehe 6 Julai 1977, katika Uwanja wa Olimpiki wa Montreal, Roger Waters, mwimbaji na mpiga gitaa la besi wa bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Pink Floyd, alimtemea mate shabiki aliyekuwa akipiga makelele karibu na jukwaa. Kitendo hicho kilimtia aibu, naye akaanza kuuona umbali uliokuwapo baina yake na watu waliolipa kiingilio kuja kumsikiliza kama ukuta wa matofali. Novemba 1979 ukuta huo ulitoka ukiwa albamu ya bendi hiyo, The Wall, katika santuri mbili zenye vipande 26, vikisimulia kisa cha mwanamuziki aitwaye Pink, ambaye baba yake anafia vitani, mama yake anamlea kwa hofu inayomnyima pumzi, walimu wanamdhalilisha, ndoa inamvunjikia, na dawa zinamfikisha mahali pa kujiona dikteta mbele ya wafuasi wake, kabla hajajishtaki mwenyewe katika mahakama iliyomo kichwani mwake.

Tangu wakati huo wapenzi wa muziki wa roki wamegawanyika. Kuna wanaoamini kwamba albamu inayosimulia kisa kimoja kizito ndiyo kilele cha sanaa hii, na kuna wanaoona kuwa kisa cha namna hiyo huinyonga bendi na kumgeuza kila mpigaji kuwa kibarua wa mwenye hadithi.

Wa kundi la kwanza wana hoja nzito. Baba yake Waters aliuawa katika Vita vya Pili vya Dunia huko Anzio, nchini Italia, Februari 1944, mwanawe akiwa na umri wa miezi mitano, kwa hiyo huzuni inayofungua albamu haikuazimwa mahali. Aidha, kisa kimeingia katika muziki wenyewe, hakikuishia katika maneno. Wimbo wa “Another Brick in the Wall” unarudi mara tatu, kwanza ukiwa maombolezo ya mtoto, kisha hasira ya wanafunzi, mwishoni kukata tamaa kwa mtu mzima, na msikilizaji anayeitambua sauti ileile katika hali tatu tofauti anaelewa jinsi jeraha moja linavyozeeka pamoja na mtu. “Goodbye Cruel World” ni kipande cha dakika moja na ushee ambacho kikichezwa peke yake hakina uzito wowote, ilhali mwishoni mwa upande wa pili wa santuri, tofali la mwisho la ukuta ambao Pink anajijengea linapowekwa, kinatisha. Athari hiyo haipatikani katika mkusanyiko wa nyimbo zisizohusiana, na msikilizaji wa tenzi, aliyezoea kisa kirefu kubebwa na mahadhi yaleyale mpaka mwisho, hatahitaji kuelezwa kwa nini.

Hata hivyo, hoja za upande wa pili siwezi kuzipuuza, hasa moja ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: katika kisa hiki hakuna mtu mwingine. Mama na mke wapo ili waeleze maumivu ya Pink, na wanaposimama kutoa ushahidi katika wimbo wa “The Trial”, pamoja na mwalimu na hakimu, sauti zote hizo anaziigiza Waters peke yake. Mtu anaweza kujibu kwamba mahakama hiyo imo kichwani mwa Pink, hivyo ni sawa kila sauti iwe yake. Jibu hilo lina ukweli, lakini haliondoi uchovu wa kufungiwa kwa zaidi ya dakika 80 ndani ya kichwa kimoja.

Ndiyo maana natazama zaidi mahali ambapo wengine walimbishia mwenye kisa. Prodyuza Bob Ezrin aliandika mpangilio wa hadithi wa kurasa zipatazo 40 ili mawazo ya Waters yapate mtiririko. Yeye ndiye pia aliyesisitiza kwamba sehemu ya pili ya “Another Brick in the Wall”, iliyokuwa fupi mno, irefushwe, ikapelekwa London na kuongezewa sauti za watoto wa shule ya Islington Green. Muziki wa “Comfortably Numb” ulianzia kwa mpiga gitaa David Gilmour, na yeye na Waters walivutana juu ya namna ya kuurekodi mpaka wakakubaliana kuunganisha matakwa ya wote wawili. Nikiulizwa ni wapi albamu hii inapaa, nitazitaja nyimbo hizo mbili bila kusita, na zote zilizaliwa katika mabishano.

Wimbo wa wanafunzi ulikwenda mbali kuliko kisa chenyewe. Mwaka 1980 nchini Afrika Kusini, vijana waliogomea masomo kupinga ubaguzi katika elimu waliuimba, na serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Kwa vijana hao, ukuta haukuwa ndani ya kichwa cha mwanamuziki tajiri. Mwenye kuitetea albamu atasema hilo lathibitisha nguvu ya kisa, ilhali mimi naona wimbo ulipata maisha hayo kwa sababu uliweza kutoka ndani yake.

Gharama ndani ya bendi ilikuwa kubwa. Mpiga kinanda Richard Wright alilazimishwa kuondoka wakati wa kurekodi, kisha akarudi katika maonyesho ya 1980 na 1981 kama mwanamuziki wa kulipwa mshahara, huku kila usiku mafundi wakijenga ukuta wa maboksi mbele ya jukwaa mpaka bendi isionekane. Mwaka 1983 ilitoka albamu nyingine ya kisa, The Final Cut, iliyorudia vita na kifo cha baba. Wright hakuwemo, Ezrin hakuwemo, na nyimbo zote zilitungwa na Waters. Maneno yake ni makali na mahali pengine yanachoma kuliko ya albamu iliyotangulia, lakini nimeisikiliza mara nyingi nikitafuta mahali ambapo gitaa linaikatiza hadithi na kuipeleka kusikotarajiwa, kama lilivyofanya katika “Comfortably Numb”, na bado sijapaona.